Fundo la Timazi

Mtu aliyenifundisha kupima macho alikuwa na jicho moja. La kushoto liliharibika zamani, yeye hakueleza na sisi hatukuuliza, na la kulia ndilo lililofanya kazi zote: kusoma mashine, kuchora alama, kukagua kama nimefua koti langu. Katika kliniki yetu ya macho hapa Tanga alijulikana kwa kazi yake tu, Mpimaji. Hata mkewe alipopiga simu alimwulizia Mpimaji. Wagonjwa wapya walipoona jicho lile la kushoto walitazamana. Aliwaambia, "Msijali, mashine nayo hupima moja moja," kisha akawavuta kidevu mpaka kikakaa mahali pake.

Nieleze kazi yenyewe, maana hata ndugu zangu wa Tongoni hudhani nauza miwani. Mtu akiwa na mtoto wa jicho, daktari huitoa ile lenzi iliyoingia ukungu na kumwekea lenzi bandia iliyo safi. Lenzi hiyo ina namba yake, na namba hutafutwa kwa vipimo. Hapo ni rahisi. Tabu huanza kwa wale ambao juu ya mtoto wa jicho wana pia kioo cha mbele cha jicho kilichopinda, hakikukaa duara kama chungwa bali kimevutika kama yai. Hao, ukiwatia lenzi ya kawaida, ukungu unaondoka lakini vitu vinabaki vimepakazika. Ipo lenzi yao, inaitwa ya toriki, nayo imepindishwa makusudi ili mpindo wake uufute ule wa jicho. Lakini ni lazima ilale kwenye mstari wake hasa. Ikigeuka kidogo, faida inapungua. Ikigeuka digrii thelathini, faida yote imekwenda, na ukizidi hapo umemwongezea mtu ugonjwa.

Mpimaji hakuwaeleza wagonjwa haya yote. Alikuwa na hotpoti yenye umbo la yai, imekwisha kuchubuka, anaiweka juu ya kabati la faili. Mgonjwa akiuliza maswali mengi alipewa hotpoti na mfuniko, akaambiwa afumbe macho aifunike. Mgonjwa alizungusha mfuniko mpaka ukaingia. "Umeona?" Mpimaji alimwuliza mtu aliyefumba macho. "Sasa daktari naye anataka kujua mapema mfuniko unaingilia wapi."

Tena jicho likilala hugeuka. Hili ndilo lililonipa mimi aibu ya miaka mingi, kwa hiyo nalisema wazi. Ukiwa umeketi, jicho limekaa hivi. Ukilazwa chali, linazunguka kidogo ndani ya tundu lake, na mwenyewe husikii kitu. Kwa hiyo mgonjwa anapopelekwa kupasuliwa, alama za kumwongoza daktari huchorwa kwa wino pembezoni mwa weusi wa jicho angali ameketi, kichwa kimenyooka. Akishalala, umechelewa.

Ili kichwa kinyooke, Mpimaji alitumia timazi. Siyo ya kununua kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ilikuwa mshipi wa kuvulia samaki wenye chubwi la risasi mwishoni, alioutoa Kigombe, ukining'inia kwenye kulabu ya dari. Mgonjwa alikalishwa kwenye kigoda kisicho na mgongo, Mpimaji akasimama upande wa pili wa mshipi, akafumba lile jicho bovu kwa mazoea tu, akamsogeza mtu kichwa mpaka mshipi ukapita katikati ya nyusi, kwenye ncha ya pua na katikati ya kidevu. Hapo ndipo alipochora. Wageni walikuja kutueleza habari za mashine inayopiga picha ya jicho na kufanya hayo yote yenyewe. Mpimaji aliwasikiliza kwa adabu, akawamiminia kahawa. "Ileteni," akasema. "Tutaikagua kwa mshipi."

Zamani, kazi ikiisha, aliuzungusha mshipi kwenye kulabu na kuufunga kwa fundo la wavuvi ambalo mimi na wenzangu tulilijaribu tukavunja kucha. Baadaye akaanza kuufunga kwa kitanzi chepesi, kama watoto wa shule wanavyofunga viatu. Nilidhani vidole vimeanza kuchoka. Sikuuliza.

Neno lake kubwa lilikuwa "Rudi Jumanne." Kila jicho alilipima mara tatu kwa mashine mpya, kisha mara tatu kwa ile ya zamani ya kuzungusha kwa mkono, ambayo wenzake wote walitaka itupwe. Namba zikipatana, aliandika. Zikigombana, alifunga kitabu. "Zikigombana sisi hatuamui," alisema, "tunasubiri." Sababu ziliweza kuwa nyingi: macho makavu, wanja mwingi, dawa ya matone iliyotiwa kabla ya kupima, au kile kinyama kinachoota jichoni kwa watu wa jua na upepo na kuvuta kioo cha mbele upande mmoja. Mgonjwa alipewa matone ya kulainisha, akaambiwa arudi Jumanne. Siku moja mtu alimkumbusha kwamba Jumanne hiyo huenda ikawa Idi. Mpimaji akafikiri kidogo. "Basi uje umeshaswali," akamwambia.

Kuna mzee wa Kipemba, mkulima wa karafuu, alikuja na kinyama jichoni. Mpimaji alimwambia kitolewe kwanza, kisha asubiri miezi jicho litulie, ndipo lipimwe kwa ajili ya lenzi.

"Miezi?" yule mzee alisema. "Mie nimetoka Pemba, bwana. Nimevuka bahari kwa hili jicho."

"Bahari haijahama, mzee wangu. Utaivuka tena."

"Na nikifa je?"

"Ukifa huhitaji lenzi."

Nilidhani watapigana. Yule mzee alicheka mpaka akashika meza, akaenda zake, na miezi ilipokwisha akarudi na kifuko cha karafuu. Kliniki nzima ilinuka pilau wiki mbili.

Msinielewe vibaya, hakuwa mtu wa unyoofu katika mambo yote. Nilikwenda kwake Mabawa mara nyingi na sikuona kitu kilichonyooka mle ndani ambacho yeye alikigusa. Picha za harusi ziliinama kushoto. Rafu ya vikombe iliinama kulia, mkewe akawa anapanga vikombe vizito upande wa juu ili visiteleze. Mlango wa choo, tangu autie yeye, haukufunga mpaka uusukume kwa nyonga. Saa yake ilikwenda mbele na hakuirekebisha, alisema anajua inavyodanganya. Vifungo vya shati lake mara nyingi vilianzia tundu la pili. "Huyu," mkewe aliniambia siku moja, akinipa mbatata za urojo, "huko kwenu ndiko anakomalizia akili."

Hata adabu yake ilikuwa na mlango wake. Nje ya chumba cha kupimia alimsalimia kila mtu mzima kwa kirefu, akaulizia wa nyumbani, shamba, na mguu uliokuwa ukiuma mwaka juzi. Kwenye kigoda, hakumjua mtu. Mabibi walimwapiza, masheikh walimwita mkavu. "Heshima nitakupa ukishashuka," aliwaambia, na kweli, akishamaliza aliwashika mkono mpaka mlangoni na kuwavalisha viatu.

Mimi sikulelewa hivyo. Na sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa.

Nilikuwa na wiki tatu kazini. Ilikuwa Ijumaa, Mpimaji amekwenda msikitini, na Daktari, mama mmoja mpole asiyependa kusubiri, aliamua kumchukua mgonjwa mapema. Mgonjwa alikuwa fundi cherehani wa Mabawa, bibi mtu mzima aliyeshonea nusu ya maharusi wa mtaa ule. Wote tulimwita Bi Fundi. Lenzi yake ilikuwa ya toriki. Nilimkalisha kwenye kigoda, nikaenda kushusha timazi. Lile fundo. Nilivuta huku, nikavuta huku, nikatumia meno.

"Mwanangu," Bi Fundi akasema, "kiuno changu mwanangu. Wanikalisha kama mtuhumiwa."

"Samahani bibi, kidogo tu."

"Miaka yangu hii, mwanangu. Nilaze hata kidogo, nipate kupumua."

Kwetu, mtu mzima akisema kiuno kinamuuma, wewe kijana huulizi digrii. Nikamsaidia kupanda kitandani, nikamwekea mto, akaniombea dua ndefu. Kisha, akiwa amelala vizuri hivyo na macho yametulia, nikachora alama kwa kukadiria. Zilikuwa alama nzuri sana. Nilijisifu moyoni.

Baada ya siku chache Bi Fundi alirudi. Ukungu umeondoka, alisema, anaona mpaka matobo ya kuta, lakini uzi hauoni sawa. "Kila uzi una mwenziwe pembeni. Nikitunga sindano nalenga uzi, napata kivuli." Akaanza kulia, na mimi nilikuwa nimeshika faili lake. Daktari alimtazama kwa mashine. Lenzi ilikuwa imelala sawasawa kabisa kwenye alama. Alama ndizo zilizokuwa si mahali pake.

"Alichora nani?" Daktari akauliza.

"Mimi," Mpimaji alijibu, kabla sijafungua mdomo. Akachukua kitabu cha matukio akaandika mstari mmoja: alama hazikuchorwa inavyotakiwa, kosa la mpimaji. Kisha akaniambia nikaweke maji ya chai.

Bi Fundi alirudishwa chumba cha upasuaji, lenzi ikageuzwa kidogo mpaka mahali pake, akapona, anashona mpaka leo. Mpimaji alimwendea nyumbani mara mbili kumwomba radhi. Mara ya kwanza alifukuzwa, mara ya pili alipewa chai na kufukuzwa. Na kwa miaka, pale Mabawa, watu walisema yule mpimaji ana jicho moja kwa hiyo anapima nusu. Walisema mbele yake, dukani, kwenye mazishi. Yeye aliitikia salamu. Mimi nilinyamaza. Niliona haya, kisha nikaona nimechelewa, kisha nikazoea, na hilo la kuzoea ndilo linaloniudhi zaidi nikijikumbuka.

Alistaafu, akaniachia kiti, mashine zote mbili, hotpoti na timazi. Haikupita miaka mingi nikasikia kwa mkewe kwamba Mpimaji anamimina chai nje ya kikombe. Mtoto wa jicho, kwenye jicho lile lile moja. Kila aliposhauriwa aende akapimwe alisema bado. Mkewe alinipigia simu. "Leo kamimina chai mapajani kwa shemeji yake," akasema. "Namleta."

Alikuja ameshikwa mkono, shati limefungwa kuanzia tundu la tatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ile ya zamani mnayo bado? Msinipime kwa mpya peke yake."

Namba zake za zamani hazikuhitaji mashine, alizikariri. Kioo chake cha mbele kilikuwa kimepinda kuliko vingi nilivyowahi kupima. Lenzi ya kawaida isingemfaa, na ya toriki isingesamehe kosa, maana hakuna jicho la pili la kutegemea. Tukikosea kwa huyu, hatukosei kidogo. Daktari alikwisha kutenga siku, watoto wake wameshafika kutoka Dar es Salaam, mkewe ameshafunga mfuko wa nguo. Nikampima mara tatu kwa mpya na mara tatu kwa ya zamani.

Namba ziligombana.

"Mzee," nikamwambia, "rudi Jumanne."

"Zimepishana kiasi gani?" Nikamtajia. "Ndogo hiyo. Weka ya katikati."

"Hatuweki ya katikati. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha kwa macho ya watu."

"Na hili?"

"Hili ni langu!" Alijipiga kofi la paja, sauti ikamtoka mpaka watu wa barazani wakanyamaza. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Unajua maana ya kukaa kwenye ukungu? Namjua mke wangu kwa kikohozi. Watoto wamesafiri. Weka ya katikati, binti, tumalize."

Nilimpenda kama baba na nilitaka kumpa alichotaka. Nikafunga kitabu.

"Jumanne," nikasema. "Na uniambie ulichokuwa unatia jichoni."

Mkewe ndiye aliyejibu. "Asali. Kaletewa ya Handeni. Asubuhi na jioni."

"Matone mawili tu," Mpimaji akasema, akitazama upande ambao hapakuwa na mtu. Mtu huyu aliwahi kumfukuza mgonjwa chumbani kwa sababu ya asali.

Nikampa matone ya kulainisha na kumpiga marufuku mzinga mzima. Jumanne hiyo namba zilikuwa bado zinavutana. Jumanne iliyofuata zilipatana, mara tatu na mara tatu. Nilizisoma kwa sauti ili azisikie, naye akazihakiki kwa midomo, namba baada ya namba.

Siku ya upasuaji nikamkalisha kwenye kigoda. Nikashusha timazi, kitanzi kile chepesi kikafunguka kwa kidole kimoja. Nikasimama upande wa pili wa mshipi nikaanza kumsogeza kichwa.

"Mwanangu," akasema, "kiuno kinaniuma. Nilaze kidogo kwanza."

Sijui hadi leo kama kiuno kilimuuma kweli. "Hapana, mzee. Kaa," nikamwambia. "Heshima nitakupa ukishashuka."

Akakaa. Mshipi ulikuwa unapita katikati ya nyusi zake, kwenye pua, kwenye kidevu, na mkononi nina kalamu ya wino. Hapo hapo, pasipofaa kabisa, mdomo wangu ukafunguka.

"Mzee, Bi Fundi nilimlaza mimi kabla ya kuchora."

"Usinitikise. Chora."

Nikachora. Chini, kushoto, kulia. Nilipoweka kalamu ndipo aliposema tena.

"Nilijua. Niliporudi kutoka msikitini fundo langu lilikuwa vile vile, lina alama za meno." Alijifuta chozi la dawa. "Nikajiuliza, huyu angelifunguaje? Nimekwenda kuswali nimefunga kazi ya watu kwa fundo nisilomfundisha mtu. Kwa hiyo nikaandika kosa la mpimaji. Nilikosea wapi?"

Nikakikumbuka kile kitanzi chepesi na jinsi nilivyodhani vidole vimechoka. Nilimshusha, nikamshika mkono mpaka kitanda cha upasuaji, nikamvua viatu.

Kesho yake asubuhi nilimtoa bandeji mwenyewe. Usiku kucha alikuwa hana jicho hata moja, mkewe alisema hakulala wala hakumwacha yeye alale. Nikamketisha mbali na ukuta wenye herufi. Alipepesa, akapepesa tena. Akasoma mstari wa juu, wa pili, wa tatu. Sikujali mistari. Nilikuwa nasubiri anieleze herufi zina wenzao pembeni au hazina.

Akaacha kusoma katikati ya mstari wa nne. Alikuwa anatazama nyuma yangu, kwenye kulabu ya dari.

"Ule mshipi," akasema.

"Upi, mzee?"

"Wa timazi. Nauona." Akautazama kutoka juu hadi kwenye chubwi. "Nauona mmoja."

Mkewe akajifunika uso kwa ncha ya kanga. Mimi nililia wazi wazi, sina la kuficha. Mpimaji alitusubiri tumalize, kisha akaagiza aletewe timazi. Kwa karibu jicho lilikuwa bado halimsaidii, akafanya kwa vidole: akazungusha, akapitisha chini, akarudisha juu, akakaza. Fundo lile lile. Akalifungua kwa kulisukuma nyuma, jambo jepesi la kuchukiza, akanipa mshipi.

Nikazungusha, nikapitisha, nikakaza. Akalipapasa fundo langu kwa kidole gumba, na likamfungukia mkononi.

"Bado," akasema. "Rudi Jumanne."